STI ya kilomita 55,000 au ya 148,000: ipi ina thamani ya bei yake?

Tuchukue magari mawili ya aina moja. Yote ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2008, bodi ya GRB, injini ya EJ20 yenye tabo, gia sita za mkono, nguvu za farasi 308. La kwanza limetembea kilomita 55,000 na muuzaji wa Japani amekaza bei. La pili limetembea kilomita 148,000 na bei yake iko chini kiasi cha kukushtua. Wengi hapo hawafikirii mara mbili: mwenye fedha anachukua la kwanza, asiyekuwa nazo anachukua la pili na kumwomba Mungu.

Kwa IST au Corolla, kununua kwa mtindo huo hakuna ubaya mkubwa. Gari la kukimbia ni jambo jingine. Kilomita 1,000 za mtu anayelipeleka kazini na kulirudisha nyumbani hazilingani na kilomita 1,000 za mtu anayelipandisha milimani usiku huku sindano ya mizunguko iko kwenye nyekundu. Odomita inazihesabu sawasawa. Kwa hiyo nitalinganisha haya magari mawili, kisha la tatu ambalo liko tayari hapa nchini, na msimamo wangu nautoa mapema: kwenye STI lipia ushahidi kwanza, kilomita baadaye.

Kilomita chache zina deni lake

EJ20 inaendesha vali zake kwa mkanda wa taimingi, si kwa cheni. Japani mkanda huo unabadilishwa gari likifika kilomita 100,000. Sasa litazame gari la kwanza. Halijafika huko, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba limebeba mkanda uleule lililotoka nao kiwandani mwaka 2008. Mpira unazeeka hata ukiwa umepumzika. Na EJ20 ni injini ambayo mkanda ukikatika, pistoni na vali zinakutana, na hapo hakuna tena kubadilisha kifaa kimoja, injini inashushwa.

Mkanda hauko peke yake. Pampu ya maji, puli za mkanda na kikazio chake, mipira ya maji, mipira ya tabo, sili za krenki na za kamshafti, vyote hivyo vina umri uleule. Kilomita chache maana yake ni kwamba vitu vichache vimebadilishwa. Muuzaji anakuuzia hilo kama sifa, na kweli ni sifa kwa bodi, viti, gia boksi na pistoni. Kwa vitu vya mpira ni deni ambalo analihamishia kwako.

Gari la pili limeshapita mlango huo. Kama mwenyewe alilitunza, mkanda ulibadilishwa mahali fulani karibu na 100,000, pengine pamoja na pampu ya maji. Na hapa kuna kitu kidogo ninachokipenda sana kwenye magari ya Japani: fundi wa kule akibadilisha mkanda hubandika stika ndani ya boneti au juu ya kifuniko cha mkanda wenyewe, akaandika kwa kalamu tarehe na kilomita. Ya oili mara nyingi hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mwombe muuzaji picha ya stika hizo kabla ya jambo lingine lolote. Zinakupa vitu viwili kwa mara moja: ushahidi wa matengenezo, na shahidi wa odomita. Gari likionyesha 78,000 kwenye dashibodi wakati stika ya mkanda inasema 103,000, hapo mazungumzo yameisha.

Nisilipendelee gari la pili kupita kiasi. Kilomita 148,000 za injini ya tabo zina uzito. Beringi za konrodi zinalika, hasa kama oili iliachwa ishuke, na Subaru za tabo zinajulikana kwa kula oili bila kelele. Tabo yenyewe inaweza kuwa na mchezo kwenye shafti. Klachi, shokapu, bushi, diski za breki za Brembo na singo za gia ya tatu (ringi zinazolainisha kuingiza gia), vyote hivyo vinakaribia mwisho au vimeshaupita. Mtu akikuambia STI ya 148,000 "haidai chochote", mwombe akuonyeshe kilibadilishwa nini na lini.

Fedha: pengo la bei linapungua njiani

Hili watu wengi hawalipigii hesabu. Kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, cha magari yaliyotumika kinauliza kampuni, modeli, mwaka, nchi, aina ya mafuta na ukubwa wa injini. Hakiulizi kilomita. Meli nayo haiulizi. Inatoza kwa ukubwa wa gari. STI mbili za mwaka mmoja, moja 55,000 na nyingine 148,000, zinashuka bandarini Dar es Salaam na makadirio ya kodi yaleyale, pamoja na ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10.

Nitumie namba za mfano ili hesabu ionekane. Wewe weka za kwako. Tuseme la kwanza ni dola 17,000 kule Japani na la pili ni dola 11,000. Ukitazama skrini tu, la kwanza ni ghali kwa asilimia 55. Ongeza usafiri, kodi na usajili, tuseme dola 14,000 kwa kila moja: sasa ni 31,000 dhidi ya 25,000, pengo la asilimia 24. Halafu weka mfuko wa matengenezo ya mwanzo. La kwanza linataka mkanda, pampu, mipira na oili zote, tuseme 1,200. La pili linataka klachi, shokapu, diski, bushi na akiba ya tabo, tuseme 4,000. Tumefika 32,200 dhidi ya 29,000. Pengo ni asilimia 11.

Kwa pengo kama hilo, bei ya chini haitoshi tena kuwa sababu. Ukiwa na uhakika kwamba kilomita 55,000 ni za kweli na gari ni la kiwandani halijaguswa, kuongeza asilimia 11 ni kununua vizuri. Ukiwa huna uhakika huo, umelipa zaidi kwa tarakimu zilizoandikwa kwenye dashibodi.

Kuna pia bei ambazo hazitokani na kilomita kabisa, na usizikasirikie. Subaru iliaga injini ya EJ20 mwaka 2019 kwa toleo la EJ20 Final Edition, magari 555 tu, na tangu hapo hakuna STI mpya ya injini hiyo. Upande mwingine, Marekani inaruhusu magari ambayo hayakutengenezwa kwa viwango vyake yaingie yakishatimiza miaka 25. STI za kwanza za GDB, bodi iliyotangulia GRB, zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2000, zimefika umri huo, na Mitsubishi Lancer Evolution VII ya 2001 inafuata nyuma yake. Ukiona GDB ya kilomita 130,000 ina bei ya GRB ya 90,000, ujue unashindana na mnunuzi wa Marekani kwenye mnada huohuo. Matoleo maalumu kama Spec C na S204 yako kwenye soko la wakusanyaji. Ukitaka gari la kuendesha, yaache yapite.

Je, hizo kilomita ni za kweli?

Kwa gari linalotoka Japani una karatasi mbili. Ya kwanza ni ya mnada. Usiishie kwenye daraja la 4 au 4.5, soma mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa au kurekebishwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Ndani ya gari hupimwa kwa herufi, A ikiwa juu. R au RA ina maana gari liligongwa likatengenezwa. Halafu rudi kwenye tarakimu za kilomita. Nyota, alama ya dola au alama nyingine yoyote kando yake inakuambia kwamba mita ilibadilishwa, ilichezewa, au kilomita hazijulikani. Kila nyumba ya mnada ina alama zake, kwa hiyo ukiona alama usiyoielewa omba maelezo kwa maandishi.

Daraja la mnada linaeleza bodi, rangi na viti vizuri sana. Injini linaieleza kidogo, maana mkaguzi haifungui. Daraja la 4 lenye injini iliyochoka lipo, na daraja la 3.5 lenye mikwaruzo mingi na injini safi lipo pia. Hilo la pili ndilo ninalolitafuta mimi, kwa sababu wengi wanalikimbia kwa ajili ya rangi.

Karatasi ya pili ni cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Japani gari la kawaida hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Cheti hicho hubeba rekodi hiyo. Ilinganishe na karatasi ya mnada. Kilomita 52,000 kwenye ukaguzi wa mwisho na 55,000 mnadani, sawa. Kilomita 96,000 kwenye ukaguzi na 55,000 mnadani, mtu ameshika bisibisi.

STI nyingine zinakuja kutoka Uingereza, maana kule nako usukani uko kulia. Hizo zinasoma maili. 60,000 za Uingereza ni karibu kilomita 96,600, na matangazo mengine huandika tarakimu bila kusema ni za nini. Uzuri wa Uingereza ni kwamba historia ya ukaguzi wa MOT, pamoja na maili za kila ukaguzi, inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali ukiwa na namba ya gari. Ubaya wake ni chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi: omba picha za chini, za vishikio vya shokapu na mikono ya nyuma. Jua pia kwamba STI za Uingereza kuanzia 2006, na GRB za huko, zina injini ya lita 2.5, EJ257. Hiyo inajulikana kwa kupasuka kingo za pistoni zinazoshika ringi na kwa gasketi ya silinda hedi. Kwa kilomita zilezile, EJ257 iwe na bei ya chini kuliko EJ20, si sawa nayo.

Gari la tatu: lililopo hapa hapa

Sasa weka pembeni yake STI iliyoko Dar es Salaam, namba D, kilomita 110,000, mwenyewe anasema bei maelewano. Kwa mnunuzi wa Kenya, gari lililoko tayari nchini mwake ndilo chaguo pekee la GRB, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Ndiyo maana GRB nzuri za Nairobi hazishuki bei kama mtu angetarajia.

Faida yake ni kubwa: unaliona. La Japani unanunua picha. Hili unaweza kufika kwake asubuhi kabla halijawashwa, ukaweka mkono kwenye boneti kuhakikisha ni baridi, ukaliwasha mwenyewe na kusikiliza. EJ ikiwa baridi inaweza kugonga kidogo kwa pistoni, mlio mkavu unaopotea injini ikipata joto. Mlio wa konrodi inayogonga ni tofauti: ni mzito, unafuata mafuta unayokanyaga, na hauondoki gari likipata moto. Huo ukiusikia, bei yoyote ni kubwa.

Baada ya hapo, fundi apime kompresheni silinda zote 4, na kama ana kifaa apime pia uvujaji. Namba za silinda zikaribiane. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, hilo ni tatizo hata kama gari linavuta. Fundi wa Subaru mwenye kompyuta anaweza pia kusoma kwenye kontroli boksi namba inayoonyesha kama injini imekuwa ikijihami dhidi ya kugonga kwa mafuta: kwenye kontroli boksi za zamani iwe 16, kwenye mpya 1. Ikiwa imeshuka, gari limekuwa likiteseka, iwe kwa petroli, kwa sensa au kwa programu mbovu.

Na petroli ni jambo lenyewe. STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya okteni 100, inayouzwa vituo vingi kule. Tunayojaza huku iko chini ya hapo. Injini inajilinda kwa kurudisha nyuma cheche, lakini mtu akiikimbiza kila siku kwa petroli dhaifu, pistoni zinalipa. Kwa hiyo kilomita 40,000 zilizotembea hapa, kwenye joto, vumbi na matuta, mimi nazipa uzito kuliko 40,000 za Japani. Uliza kama gari limewahi kutiuniwa kwa mafuta ya huku na nani. Mwenye gari makini anajibu swali hilo kabla hujalimaliza.

Halafu kuna hili la injini za mitumba. STI nyingi zilizokaa hapa zimeshashushwa injini zikawekwa nyingine kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au kwa Nairobi kutoka Kirinyaga Road. Si kosa, ila odomita hapo inahesabu kilomita za bodi. Za injini hazijulikani. Soma namba ya injini, ilinganishe na kadi ya gari. Zikitofautiana, bei ishuke mpaka pale ambapo ungemudu kufungua injini hiyo leo. Na kadi irekebishwe kabla ya kulipa, si baada.

La kiwandani dhidi ya lililochezewa

Kati ya STI ya 140,000 ambayo haijaguswa na ya 70,000 yenye ekzosi kubwa, kichujio cha hewa cha wazi na vali ya kupiga miluzi, nachukua ya 140,000. Ukibadilisha njia ya hewa bila kupanga upya programu, kompyuta inapoteza hesabu ya hewa na mafuta, na kwa injini ya tabo hilo linaishia kwenye pistoni. Muuzaji anajumlisha bei ya vifaa hivyo kwenye gari. Wewe vitoe. Isipokuwa kama ana risiti ya mtiunaji, ana faili la programu, na amehifadhi vifaa vya kiwandani vyote kwenye boksi. Mtu wa namna hiyo anajua alichokuwa anafanya na gari lake linafaa kukaguliwa.

Viti vinasema mengi pia. Tazama bega la kiti cha dereva upande wa mlango, mpira wa pedali ya klachi na ngozi ya kishikio cha gia. Pedali iliyolika mpaka chuma kinang'aa haiendani na kilomita 55,000. Kwenye matairi soma tarakimu 4 za tarehe: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019.

Kama hutaki gia za mkono, au unamtazama Evo

STI A-Line, bodi ya GRF, ni otomatiki ya gia tano na injini ya lita 2.5. Mara nyingi bei yake ni ya chini kuliko ya gia sita, na mengi yaliendeshwa kwa upole, kwa hiyo kilomita zake nyingi hazinitishi sana. Ila injini iliyozidi cc 2,000 inaingia kundi la juu la ushuru wa bidhaa hapa Tanzania, kwa hiyo sehemu ya nafuu hiyo inarudi TRA.

Lancer Evolution X ina cheni badala ya mkanda, kwa hiyo hofu ya mpira uliozeeka inapungua. Ya kwake ni mengine mawili. Gia boksi ya SST, ile ya otomatiki yenye klachi mbili, inataka oili yake maalumu ibadilishwe kwa wakati. Isiyo na kumbukumbu hiyo naiacha hata ikiwa na kilomita 60,000. Pili, pampu ya haidroliki ya kugawa nguvu kwa magurudumu, iliyofungwa nyuma, hushika kutu na bei yake inauma. Taa ya AWC, yaani ya mfumo huo, ikiwaka kwenye dashibodi, muulize muuzaji bei ya pampu na uikate kwenye bei ya gari hapohapo.

Ningechagua vipi

Anayeagiza kwa mara ya kwanza, hana fundi wa Subaru anayemwamini, achukue la 55,000 ikiwa karatasi mbili zinakubaliana na gari ni la kiwandani, na mkanda ubadilishwe kabla hajaliendesha mbali. Mwenye fundi na anayeweza kusubiri atafute la 120,000 hadi 150,000 lenye stika ya mkanda na daraja la 3.5 kwa ajili ya mikwaruzo, halafu aiweke kando ile dola 4,000 ya mfano bila kuigusa. La hapa nchini linunuliwe na mtu aliyelipima kompresheni mwenyewe, si aliyeambiwa limepimwa.

Kabla ya kutuma amana Japani, omba picha nne: stika ya mkanda, cheti cha kufuta usajili, odomita ikiwa imewashwa, na injini kutoka juu boneti likiwa wazi. Muuzaji anayezituma siku hiyohiyo endelea naye. Anayekujibu kwamba gari liko yadi ya mbali na hakuna wa kwenda kulipiga picha, tafuta lingine.